Kanuni za kupinga faini za maegesho: mtu akinyamaza, nani anashindwa?

Swali

Sisi ni wakazi kadhaa tuliochoshwa na namna jiji letu linavyoshughulikia mapingamizi ya faini za maegesho. Ukipinga, barua inapokelewa na idara ileile iliyokuandikia faini. Majibu yanakuja baada ya miezi au hayaji kabisa, na muda wote huo faini inapanda. Diwani mmoja amekubali kupeleka hoja barazani tukimpa mapendekezo ya maandishi. Wenzangu wengi wanataka tuombe viwango vya faini vipunguzwe, ila mimi naona tatizo ni utaratibu wenyewe. Tuanzie wapi? Na mimi binafsi nina faini moja ninayoipinga: niilipe kwanza au niache?

Jibu

Ndugu yangu, hapa umeona mbali kuliko wenzako, ingawa sikushauri uwaambie hivyo kikaoni. Ukigusa kiwango cha faini umegusa bajeti, na idara ya fedha itapambana nanyi kufa na kupona. Hata mkishinda, mtu aliyeandikiwa faini asiyostahili atakuwa bado ameandikiwa faini asiyostahili, ndogo zaidi tu. Utaratibu hauna mashabiki wengi, lakini ndio unaoamua nani analipa na nani anaachiwa.

Nina kipimo kimoja ninachokitumia kila ninapoletewa kanuni za pingamizi nizisome. Tangu faini inapoandikwa hadi inapolipwa au kufutwa, kuna mahali pengi ambapo mtu fulani anatakiwa afanye jambo fulani, na mara nyingi jambo hilo halifanyiki. Mwenye gari hakuiona karatasi iliyobandikwa kiooni. Idara haikujibu barua. Mkaguzi hakupiga picha ya kibao. Mkandarasi aliyepewa na jiji kazi ya kushughulikia faini hakuleta kumbukumbu zake. Kila mahali pa namna hiyo, ulizeni: hapa mtu akinyamaza, nani anashindwa? Chukueni kanuni za jiji lenu na kalamu mbili za rangi, moja ya kimya kinachomwangukia mwenye gari, nyingine ya kimya kinachoiangukia mamlaka. Kwa mlivyonieleza, nitashangaa ikionekana rangi zaidi ya moja. Idara ikinyamaza, mwenye gari anaumia kwa sababu faini inapanda. Mwenye gari akinyamaza, anaumia tena yeye. Kazi yenu iko hapo.

Tazameni jinsi nchi mbili zilizo jirani zilivyolijibu swali hili kinyume kabisa. Kule England, mmiliki wa gari akipeleka pingamizi rasmi baada ya kupokea notisi, halmashauri ina siku 56 za kutoa uamuzi. Zikipita bila jibu, pingamizi linahesabiwa kuwa limekubaliwa na faini inafutwa. Ufaransa, chini ya mfumo ulioanza tarehe 1 Januari 2018, mtu hupinga kwanza kwa mamlaka iliyomtoza, na mwezi mmoja ukipita bila jibu, hesabu ni kwamba amekataliwa. Mtu anaweza kuharakisha kusema Waingereza wana huruma na Wafaransa hawana, lakini kimya cha Ufaransa angalau kina mwisho. Mwezi ukitimia, mtu ana uamuzi mkononi na anaruhusiwa kusonga mbele hadi kwenye chombo cha kitaifa cha mashauri ya maegesho kilichoko Limoges. Kibaya kuliko vyote ni kimya kama chenu, kisichosema ndiyo wala hapana, kinachomzuia mtu kukata rufaa kwa sababu hakuna uamuzi wa kuukatia rufaa, huku deni likikua. Mimi ningeomba kanuni ya England. Nikibanwa sana ningekubali ya Ufaransa, kwa sharti kwamba faini isipande hata senti moja tangu siku pingamizi lilipopokelewa. Chini ya hapo nisingeshuka.

Lakini kabla hamjaandika neno lolote, jueni jiji lenu lina mamlaka ya kubadili nini. Juhudi nyingi za wakazi hufia hapa: hoja inafika barazani, mwanasheria wa jiji anasimama, anasema "jambo hili haliko ndani ya uwezo wetu", na kikao kinaendelea na ajenda inayofuata. Masharti mnayoyasoma nyuma ya karatasi ya faini yanaweza kuwa yametoka kwenye sheria ya nchi, sheria ndogo za jiji, mkataba na mkandarasi, au mwongozo wa ndani wa idara ambao hakuna mtu wa nje aliyewahi kuuona. California ni mfano mzuri. Sheria ya magari ya jimbo lote ndiyo inayoweka hatua: unaomba mapitio ya awali ndani ya siku 21 tangu kuandikiwa faini, kisha unasikilizwa na mwamuzi wa kiutawala, kisha unaweza kwenda mahakamani. Jiji haliwezi kuziruka hatua hizo, hata kama madiwani wote wanataka. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ya jimbo hilo iliamua kwamba jiji la Los Angeles halikuruhusiwa kumwachia mkandarasi wake wa kuchakata faini kazi ya kufanya mapitio hayo ya awali, kwa sababu sheria iliitaka mamlaka yenyewe iifanye. Ombeni mkataba wa jiji lenu na mtafute humo ni nani hasa anayesoma barua za pingamizi. Mara nyingi jibu huwashangaza hata madiwani.

Kutenganisha vyanzo hivi kuna faida nyingine: mtagundua kwamba mengi yanayowaudhi hayahitaji kura ya baraza. Barua ya kukataa isiyotaja sababu imetokana na mwongozo wa ndani, na mkuu wa idara anaweza kuibadili kesho asubuhi. Mkandarasi kulipwa kwa idadi ya faini ni suala la mkataba, linasubiri muda wa kuuhuisha. Sheria ndogo ndiyo pekee inayohitaji madiwani wanyooshe mikono. Mkimpelekea diwani wenu karatasi iliyokwisha kutenganisha hayo, mwanasheria wa jiji hatakuwa na pa kuwarukia.

Sasa niseme kuhusu mwamuzi, maana hili nalipa uzito kuliko yote mengine.

Zamani kosa la maegesho lilikuwa jinai ndogo na lilipelekwa mahakamani. New York iliyatoa makosa hayo kwenye mahakama za jinai mwaka 1970 na kuunda ofisi yake yenyewe. London ilifuata katika miaka ya 1990, Toronto tarehe 28 Agosti 2017, na Ufaransa mwaka 2018 kama nilivyosema. Sababu hufanana: mahakama zinalemewa, mashauri yanachelewa, na kwa kweli hakuna haja ya kumsimamisha mtu kizimbani kwa kupitisha dakika kumi. Sina ugomvi na mabadiliko hayo. Tatizo ni kwamba kila jiji lililochukua mashauri haya kutoka kwa hakimu lilijikuta ni mlalamikaji, shahidi, mwamuzi na mpokeaji wa fedha kwa wakati mmoja. Majiji mengine yalilitambua hilo yakaweka ukuta kati ya kazi hizo. Mengine, kama lenu, yaliacha wazi.

Kuna hukumu ya mwaka 1972 ninayopenda kuwasomea madiwani. Katika kijiji cha Monroeville, jimbo la Ohio, meya ndiye aliyekuwa akihukumu makosa fulani ya barabarani. Yeye binafsi hakupata chochote kutokana na faini. Lakini faini na ada zilizotozwa katika mahakama yake zilikuwa nguzo ya mapato ya kijiji, kiasi kwamba mwaka 1964 zilivuka kidogo nusu ya mapato yote. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mtu anayebeba mzigo wa hazina ya kijiji hawezi kuwa mwamuzi asiyeegemea upande. Kijiji kilijitetea kwamba aliyehukumiwa alikuwa na nafasi ya kesi yake kusikilizwa upya mbele ya jaji mwingine baadaye. Mahakama ikakataa utetezi huo pia: mtu anastahili mwamuzi huru tangu mwanzo. Hukumu hiyo haiwafungi ninyi, lakini mantiki yake haina mipaka. Mwulizeni mkuu wa idara swali moja tu la kistaarabu: je, anayeamua mapingamizi hupimwa utendaji wake na mtu yuleyule anayepimwa kwa makusanyo?

Msiombe kila pingamizi liende kwa chombo huru moja kwa moja. Itakuwa ghali, na mashauri mengi ni mepesi: mtu alilipia lakini akakosea tarakimu moja ya namba ya gari, au gari liliuzwa mwezi uliotangulia. Hayo yamalizwe ndani ya jiji, na ofisa asiyehusika na kuandika faini wala kuajiriwa na mkandarasi. Hatua ya pili ndiyo iwe huru kweli. Mkiambiwa jiji ni dogo na haliwezi kumudu waamuzi wake, tajeni kwamba huko England nje ya London, pamoja na Wales, halmashauri nyingi zinatumia baraza moja la pamoja la rufaa, linaloendeshwa kwa tozo ndogo ambayo halmashauri hulipa kwa kila faini iliyotolewa. Tozo hiyo hailengi nani ashinde. Iwapo faini itafutwa au itadumishwa, baraza limekwisha kupata fedha zake. Mwenye gari halipi ada yoyote kukata rufaa. Miji mitatu au minne iliyo karibu nanyi inaweza kufanya vivyo hivyo.

Linalofuata ni malipo ya awali, na hapa ndipo faini yako mwenyewe itakapoingia baadaye. Ufaransa ilipoanzisha mfumo wa 2018, sheria ilidai kwamba mtu alipe kwanza ndipo chombo cha rufaa kimsikilize. Hoja ya serikali ilikuwa ya kawaida: kuzuia mapingamizi ya kupoteza muda. Tarehe 9 Septemba 2020 Baraza la Katiba likalifuta sharti hilo. Halikusema kwamba kudai malipo kabla ya rufaa hakuwezi kukubalika kamwe. Lilisema sheria ile haikuweka kinga ya kutosha kuhusu kiasi ambacho mtu angetakiwa kukitoa, wala haikumwachia mlango mtu mwenye hali ya pekee, kwa hiyo ilimnyima haki ya kusikilizwa. California nayo inadai malipo kabla ya kusikilizwa kiutawala, lakini imelazimisha kila mamlaka iwe na utaratibu wa kumwachia mtu asiye na uwezo asitoe kwanza. Kwa hiyo, jiji lenu likishikilia kwamba lazima mtu alipe kwanza, dai lenu la chini kabisa liwe mlango huo, na uwe mwepesi: tamko la mtu mwenyewe na ushahidi mmoja rahisi, si fomu ya kurasa sita inayohitaji mhuri.

Kuna malipo ya awali mengine yasiyojitangaza, nayo ni punguzo la kulipa mapema. Karibu kila mahali ukilipa ndani ya siku chache unapunguziwa. England ni nusu ya faini ukilipa ndani ya siku 14. Punguzo si baya. Baya ni pale kupinga kunapolifuta. Mtu mwenye hoja nzuri anakaa chini, anapiga hesabu: nikilipa leo nalipa nusu, nikipinga nikashindwa nalipa yote. Analipa. Idara inamhesabu miongoni mwa waliokubali kosa, na takwimu zinaonyesha mfumo unafanya kazi vizuri sana. Mwongozo wa serikali ya Uingereza unazihimiza halmashauri zirudishe punguzo kwa siku 14 nyingine pale mtu aliyepinga ndani ya muda wa punguzo anapokataliwa katika hatua ya kwanza. Kama ningeruhusiwa kupeleka pendekezo moja tu barazani, moja tu, pengine ningechagua hili. Halina gharama kubwa, linaeleweka kwa dakika moja, na diwani yeyote anaweza kulitetea mbele ya wapiga kura.

Ushahidi sitaukalia sana kwa sababu simu za wakaguzi zimerahisisha mambo. Kanuni iseme kwamba kila faini iambatane na picha za gari, kibao au mistari inayodaiwa kukiukwa, na muda, na kwamba mwenye gari azione zote kabla muda wa kupinga haujaisha. Picha isipokuwepo, faini ianguke. Hiki ni kimya cha mkaguzi, na kiwe juu ya mamlaka. Mnaweza kuongeza muda wa huruma. Tangu 2015 England imeweka dakika 10 baada ya muda uliolipiwa kwisha kabla mtu hajaandikiwa, na hilo peke yake huondoa ugomvi mwingi wa saa ya nani iko sahihi. Wapenda sheria watafurahi pia kujua kwamba mwaka 2019 mahakama moja ya rufaa ya shirikisho huko Marekani ilisema kuchora chaki kwenye tairi ili kupima muda ni upekuzi chini ya Katiba. Shauri lilitoka mji wa Saginaw, Michigan. Sidhani litawasaidia barazani, ila linaonyesha jambo dogo la maegesho linaweza kufika wapi mtu akikataa kunyamaza.

Kimya cha mwenye gari ndicho kigumu kukiandikia kanuni. Haiwezekani kusema asiyejibu hahusiki; kila mtu angetupa karatasi. Lakini pia haiwezekani kudhani kwamba karatasi iliyoachwa kwenye kioo imemfikia mtu. Upepo upo, mvua ipo, na watoto wapo. Kwa hiyo kuwe na notisi ya pili kwenda kwa mmiliki aliyesajiliwa, kabla ya nyongeza yoyote. Na kuwe na mlango wa kurudi. England faini ikishapanda na kusajiliwa kama deni, mtu bado anaweza kutoa tamko la kisheria kwamba hakupata notisi, au kwamba alipinga na hakujibiwa, na mambo yakarudishwa nyuma. Kutoa tamko la uongo ni kosa, kwa hiyo mlango huo hauko wazi kwa kila mjanja. Ukitaka kuona kinachotokea mahali ambapo nyongeza zinarundikana kwa kasi, angalia Chicago. Faini ya kukosa stika ya jiji, yaani alama ya kuonyesha mwenye gari amelipa ada ya gari ya jiji, ilikuwa dola 200, na kwa kuchelewa na gharama za ukusanyaji iliweza kufika dola 488. Mwaka 2018 waandishi wa habari walionyesha jinsi madeni ya namna hiyo yalivyowasukuma wakazi wengi, hasa wa mitaa ya Wamarekani weusi, kwenye kufilisika mahakamani. Jimbo la Illinois baadaye likaacha, kuanzia Julai 2020, kusimamisha leseni za udereva kwa sababu ya faini za maegesho zisizolipwa. Kikomo cha nyongeza ni jambo la kuomba waziwazi: faini pamoja na nyongeza zake zote isivuke kiasi fulani, hata ikae miaka mingapi.

Sasa mtakutana na hoja ya gharama. Mkurugenzi wa fedha atasema mkirahisisha kupinga, kila mtu atapinga. Msimbeze, kwa sababu sehemu ya anachosema ni kweli: mapingamizi yataongezeka, angalau mwanzoni. Mjibuni kwa mizani inayotumiwa na mahakama za Marekani tangu shauri la Mathews dhidi ya Eldridge la mwaka 1976, lililohusu mafao ya ulemavu: uzito wa kile ambacho mtu anapoteza, hatari ya uamuzi kukosewa na kiasi ambacho hatua mpya itaipunguza hatari hiyo, na gharama kwa serikali. Kwa faini ya maegesho, anachopoteza mtu si kikubwa sana, basi msidai wakili wala kikao cha ana kwa ana kwa kila shauri. Maandishi na simu vinatosha kwa mengi. Kikao kiwe haki ya anayekihitaji. Lakini hatari ya kukosea ni kubwa pale mwandishi wa faini ndiye msomaji wa pingamizi, na kumbadilisha msomaji ni rahisi. Mkikubali kuachia vikao vya lazima, mtaonekana watu wa hesabu, na mtakuwa mmeachia kitu ambacho hata mngekipata kisingetumiwa na wengi.

Na takwimu. Dai hili huonekana dogo na hupitishwa bila ubishi, ndiyo maana nalipenda. Kila robo mwaka jiji litangaze, kwa kila mtaa, faini ngapi ziliandikwa, ngapi zilipingwa, ngapi zilifutwa na kwa sababu gani, na ngapi jiji lilishindwa kujibu kwa wakati. Kama mtaa mmoja unatoa faini nyingi zinazofutwa kwa sababu kibao hakisomeki, tatizo ni kibao. Huko London maamuzi ya waamuzi huwekwa kwenye rejista iliyo wazi kwa umma, yeyote anaweza kuyasoma. Ongezeni kifungu kwamba mwamuzi akikuta alama ina kasoro, jiji lifute faini zote zilizoandikwa chini ya alama hiyo na kurudisha fedha za waliolipa. Hicho mtapata nacho shida, nawaambia mapema. Kurudisha fedha ni jambo ambalo hazina yoyote hulipinga kwa nguvu zote. Kiwekeni hata hivyo.

Mapendekezo yasiwe insha ya manung'uniko. Diwani anahitaji maneno anayoweza kuyasoma barazani, na mwanasheria wa jiji anahitaji maneno ya kuyakosoa. Mkimwachia ayaandike yeye, mtapata kitu kingine. Vifungu vya namna hii vinatosha kuanzia mjadala:

"Mamlaka itatoa uamuzi wa maandishi, wenye sababu, ndani ya siku 56 tangu kupokea pingamizi. Isipofanya hivyo, pingamizi litahesabiwa kuwa limekubaliwa na faini itafutwa."

"Tangu tarehe ya kupokelewa kwa pingamizi hadi siku ya 14 baada ya uamuzi wa mwisho, hakuna nyongeza, ada ya ukusanyaji wala hatua ya kufunga au kuvuta gari itakayochukuliwa kwa faini husika."

"Mtu aliyewasilisha pingamizi ndani ya muda wa punguzo na akakataliwa atakuwa na haki ya kulipa kiasi kilichopunguzwa ndani ya siku 14 tangu kupokea uamuzi."

"Mtu yeyote anayeamua pingamizi hatalipwa, kupimwa wala kupandishwa cheo kwa kuzingatia idadi ya faini au kiasi cha makusanyo."

Neno "wenye sababu" katika kifungu cha kwanza msikubali liondolewe. Litaonekana pambo, na mtu atapendekeza lifutwe ili kurahisisha. Barua inayosema tu kwamba hoja zako zimezingatiwa na kukataliwa ni kimya kilichopigwa mhuri; huwezi kuikatia rufaa ya maana kwa sababu hujui umeshindwa wapi. Kuna jingine linalosahauliwa: kifungu cha mpito. Faini zilizokwisha kupingwa na bado hazijajibiwa zitaangukia wapi? Mkikaa kimya, idara itaziamua kwa kanuni za zamani. Andikeni kwamba siku 56 kwa mapingamizi hayo zitaanza kuhesabiwa siku sheria ndogo itakapoanza kutumika. Hiyo inaipa idara muda wa kusafisha makabati yake, na inawapa wakazi wenzenu matumaini yenye tarehe.

Kuhusu faini yako. Kwanza soma kama katika jiji lenu kulipa kunahesabika kuwa kukubali kosa. Sehemu nyingi, ukishalipa shauri linafungwa, kwa hiyo ukilipa "ili mambo yasipande" unaweza kuwa umejifungia mlango mwenyewe. Kama kanuni zinaruhusu kulipa huku ukipinga, andika hivyo kwenye barua yenyewe na kwenye kumbukumbu ya malipo, kwamba fedha hizo ni amana na hukubali kosa. Kama haziruhusu, usilipe, ila peleka pingamizi kabla muda wa punguzo haujaisha, na katika barua hiyohiyo uombe kwa maandishi kwamba punguzo lihifadhiwe ukikataliwa. Wanaweza kukataa ombi hilo. Lakini mwamuzi wa baadaye ataliona. Ipeleke kwa njia itakayokupa uthibitisho wa siku ilipopokelewa, kwa sababu bila tarehe hiyo hutaweza kuonyesha kwamba walichelewa. Faini yako isiwe mfano mkuu kwenye mapendekezo ya kikundi, hata kama ndiyo mbaya kuliko zote, maana wa kwanza kuzungumza dhidi yenu atasema mnabadilisha sheria ya jiji kwa ajili ya gari la mtu mmoja. Na kama bado hujapiga picha za kibao cha pale ulipoegesha, nenda kazipige leo, za karibu na za mbali, mchana na baada ya giza kuingia.